Mshahara na Amana: Je, Mdai Aweza Kujilipa kwa Mkono Wake?

 

Ndugu zetu wengi wausomapo mlango wa ijara hudhani kuwa ni mlango wa kukodi nyumba na punda tu, kisha huupita kwa haraka waende kwenye milango ya ndoa na mirathi. Hali ya kuwa katika miji yetu leo, watu wanaokula kwa ujira ni wengi kuliko wanaokula kwa shamba au kwa chombo cha baharini. Mas'ala niliyoulizwa huko Balambala, kando ya mto Tana, juu ya mji wa Garissa, yalinionyesha jinsi tunavyohitaji darsa hii.

Alinijia kijana mmoja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameajiriwa miaka mitatu katika duka kubwa la jumla na rejareja. Duka lenyewe sitalitaja, wala mwenyewe, kwa kuwa nimesikia maneno ya upande mmoja tu. Akasema:

"Sheikh, kila mwisho wa mwezi bidhaa huhesabiwa. Ikionekana upungufu, hugawanywa juu yetu sote, tukakatwa mishahara. Sukari iliyomwagika, unga ulioliwa na panya, sabuni iliyoibwa na mnunuzi, vyote twalipa sisi. Katika miezi sita nimekatwa 2,500 kila mwezi. Nikimwuliza meneja, asema hiyo ndiyo desturi ya kampuni. Mwenye mali naye asema, muulize meneja. Kisha nikatumwa na lori kuja huku, nikawapa wenye maduka bidhaa zao, nikapokea kwao shilingi 18,400. Usiku ule ule nikapigiwa simu kwamba kazi yangu imekwisha, nisirudi. Wamebaki na nusu ya mshahara wangu wa mwezi, 8,000. Hesabu yangu ni 23,000, na fedha zao ninazo mfukoni. Je, nizishike ziwe haki yangu?"

Nikamwambia, "Mwanangu, suali lako ni masuali mawili, nawe umeyafunga kitita kimoja. La kwanza, je, umedhulumiwa? La pili, je, aliyedhulumiwa aweza kujilipa kwa mkono wake?" Nasi tutayaeleza moja moja.

Jambo la kwanza: nani abebe hasara ya duka?

Maulamaa wamewagawanya waajiriwa mafungu mawili. Kuna fundi anayewafanyia kazi watu wote, kama mshona nguo ambaye kitambaa chako kiko dukani kwake. Juu ya dhamana ya huyu wamekhitalifiana. Na kuna mwajiriwa wa mtu mmoja, afanyaye kazi katika duka la mwenye mali na chini ya macho yake. Huyu mkono wake ni mkono wa amana. Hatozwi kilichopotea ila ikithibiti kuwa amevuka mipaka au amepuuza wajibu wake. Panya wakila unga ilhali yeye amefunga ghala kama alivyoamrishwa, hasara ni ya mwenye unga, kama vile faida ya unga ule ingalikuwa yake peke yake. Hakuna haki kwa mtu kuchukua faida peke yake, kisha akawashirikisha wengine katika hasara.

Na kumtoza mtu kwa kosa lisilojulikana ni la nani, kwa kuwa tu alikuwepo, ni kula mali ya mtu kwa batili. Hata mikono ikiwa kumi na mwizi ni mmoja, haijuzu kuwatoza wote kumi.

Katika mas'ala haya kanuni ya serikali haiko mbali na Sharia. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi mwenyewe. Upungufu wa fedha hukatwa kwa yule tu ambaye mkataba wake umemkabidhi fedha waziwazi, na ikawa umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Na kifungu cha 41 chataka mtu anayefukuzwa kwa kosa aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake kando yake. Simu ya usiku si kusikilizwa.

Ama neno la "desturi ya kampuni", hilo ni pazia. Kampuni ina jina na muhuri, lakini haina shingo ya kuvishwa dhambi. Aliyeiweka desturi, aliyeitekeleza akijua ni dhulma, na aliyenyamaza ilhali ana uwezo wa kuiondoa, kila mmoja ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga.

Basi, ikiwa aliyoyasema kijana ni kweli, amedhulumiwa.

Jambo la pili: je, ajilipe?

Mas'ala haya ni mashuhuri katika vitabu vya fiqhi. Asili yake ni hadithi ya Hind binti Utba, aliyemshitakia Mtume kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, naye akamruhusu achukue kwa wema kiasi cha kumtosha yeye na wanawe. Kwa hadithi hiyo, madhehebu yetu ya Shafi yamempa nafasi mwenye haki aliyezuiliwa. Maulamaa wengine wamezuia, kwa hadithi inayotukataza kumkhini hata aliyetukhini. Lakini hata waliompa nafasi wameiwekea mipaka, na kijana wetu yuko nje ya mipaka hiyo kwa sababu tatu.

Kwanza, mdaiwa asiyejulikana kuwa amekataa kulipa hudaiwa kwanza. Nilimwuliza, "Umemtaka mwenye mali akulipe 23,000?" Akasema, "La, nimelalamika tu." Kulalamika si kudai.

Pili, deni lazima lijulikane. Nusu ya mshahara ni dhahiri. Lakini katika zile 15,000, je, hakuna hata kilo moja iliyopotea kwa uzembe wake mwenyewe? Akainamisha kichwa, akasema siku moja aliacha mlango wa ghala wazi.

Tatu, na hii ndiyo nzito zaidi. Fedha zile hazijaandikwa popote. Akizificha, wenye maduka wa Balambala watabaki katika daftari kama wadeni, nao wamekwisha kulipa. Na kwa desturi ile ile anayoilaani, 18,400 zitaitwa upungufu, zikagawanywa juu ya wenziwe waliobaki, na utingo wa lori wa kwanza. Hapo hatakuwa amemkata dhalimu; atakuwa amewakata madhulumu wenziwe.

Aliposikia hilo la tatu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh, hilo sikuliona."

Njia iliyobaki ni hii. Azirudishe fedha mbele ya mashahidi wawili, apewe risiti, na majina ya waliolipa yaandikwe. Kisha siku hiyo hiyo adai haki yake kwa maandishi, pamoja na karatasi za mshahara zinazoonyesha makato. Akikataliwa, amwendee Afisa wa Kazi. Na malalamiko ya kufukuzwa hupelekwa kwake ndani ya miezi mitatu. Yeye alitaka kwenda kwa Kadhi, lakini Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imemwekea Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Wazee waweza kusuluhisha, na suluhu ni kheri, maadamu haimpokonyi mnyonge haki yake.

Wala asichelewe. Duka la Nakumatt, lililoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro, lilikuwa na matawi hata nje ya Kenya. Mwezi wa Januari 2018 liliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaolidai wakakata shauri livunjwe. Duka likifika hapo, mshahara uliolala huwa deni katika safu ya madeni. Ndiyo maana Mtume alihimiza ujira utolewe mapema, kabla jasho la mtenda kazi halijakauka.

Nawe mwenye duka uliyesoma mpaka hapa, usiseme kuwa darsa hii ni ya vijana wa bara. Fungua daftari lako usiku huu. Tazama ulichomkata yule anayekufungulia mlango alfajiri, ujiulize umekikata kwa ushahidi gani. Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa alimtajia muda na masharti waziwazi, na akamwahidi kwamba hatamtaabisha. Huo ndio mkataba wa watu wema.

Kijana alizirudisha fedha zote, na risiti anayo. Haki yake yeye bado iko kwa mwenye mali. Kijana ameitoa amana shingoni mwake. Imebaki iliyo shingoni mwa mwenziwe.

Wallahu aalam.