Mtoto Asiyeshika Kusoma: Tumchagulie Shule Gani?

Mtoto akishindwa kusoma wakati wenzake wamekwisha kuvuka, wazazi wengi hukata shauri upesi: "Huyu ni mvivu." Huchapwa, hurudishwa darasa, kisha huhamishwa shule. Ya pili ikishindwa, hupelekwa bweni la mbali ili akanyooshwe. Mwisho wake mtoto mwenyewe husadiki kwamba yeye ni mjinga. Na hasara hiyo yashinda karo yote iliyopotea.

Wazazi wapenzi, yafaa tujifunze kwanza. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 jina lake Percy. Alikuwa na akili nzuri, macho mazima, na hesabu alizijua. Lakini maandishi yalimshinda, ingawa alikuwa amefundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angewapita wenzake wote. Leo shida hiyo huitwa disleksia. Si uvivu, wala si uchawi, na fimbo haiiponyi.

Lakini si kila mtoto anayechelewa ana shida hiyo. Mwingine haoni ubao vizuri, mwingine hasikii, mwingine akili yake yakua polepole. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta shule, mpelekeni hospitali apimwe macho na masikio. Kisha mwulizeni mwalimu wake ni lipi hasa linalomshinda, na ni lipi analoliweza.

Ndipo mchague. Kwetu Tanzania zipo shule maalum, vipo vitengo vya elimu maalum ndani ya shule za kawaida, na yapo madarasa ambamo watoto wote husoma pamoja. Mwenye ulemavu mzito huenda akahitaji shule maalum au kitengo. Mwenye disleksia kwa kawaida hana haja ya kutengwa. Haja yake ni mwalimu mwenye kumjua. Wala msiombe kama watu waombao fadhili: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma.

Jambo jingine ni lugha. Kiswahili chetu huandikwa kama kitamkwavyo. Kiingereza sivyo, herufi zile zile husomwa hivi hapa na vingine pale. Mzazi anayemwondoa mtoto wa namna hii katika shule ya Kiswahili na kumtia katika ya Kiingereza, akidhani amemsaidia, pengine amemwongezea mzigo. Na ajue kusoma kwanza katika lugha aielewayo.

Msidanganywe na sifa za mitihani pia. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Nasi tuache kuzitafuta. Shule yaweza kuwa ya kwanza kwa kuwafukuza walio nyuma, na mtoto wenu ndiye aliye nyuma.

Nendeni mkaione shule kabla ya kulipa. Ulizeni: Darasa lina watoto wangapi? Yupo mwalimu aliyesomea elimu maalum, kama wale waliofunzwa Patandi, Arusha? Asiyejua kusoma hufanywaje: huchekwa na kuchapwa, au hufundishwa sauti za herufi moja moja, kwa kurudia bila kuchoka? Huongezewa muda wa kuandika? Ombeni kuona madaftari, si ya mwanafunzi wa kwanza, bali ya wa mwisho. Yakiwa na masahihisho ya uvumilivu, mmeipata shule. Yakiwa na alama nyekundu za mkasi tu, ageni kwa heshima mwondoke.

Tena, ikiwa shule mbili zalingana, chagueni ya karibu. Mtoto aliyeshindwa mchana kutwa ahitaji jioni kurudi kwa watu wasiompenda kwa sababu ya alama zake.