Soksi za Kupandia Mlima Kenya

Watu wengi hudhani kwamba katika nchi iliyo karibu na Ikweta hapana baridi iwezayo kumdhuru mtu. Dhana hiyo si ya kweli. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi. Kwa kila mita 1,000, joto hupungua yapata digrii 6 za Sentigredi. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho kifikiwacho na wapandaji wengi wa Mlima Kenya, kina kimo cha mita 4,985, na huko maji huganda usiku. Mtu aliyevaa koti zuri na soksi mbaya aweza kurudi na vidole vya miguu vilivyokufa. Kwa mpagazi, ambaye miguu yake ndiyo shamba lake, hasara hiyo si ndogo.

KAZI YA SOKSI

Soksi haitoi joto. Joto hutoka katika damu, na kazi ya soksi ni kulizuia lisipotee. Kinachozuia hasa si uzi wenyewe, bali ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Maji yakiingia, hewa hiyo hutoka. Nayo maji hupitisha joto yapata mara 25 kuliko hewa tulivu. Kwa hiyo adui wa kwanza wa mguu ni unyevu, hata kama unyevu huo ni jasho tu.

PAMBA AU SUFU?

Soksi za pamba ni rahisi kwa bei na zafaa mjini. Lakini mlimani hunywa maji, hushikamana na ngozi, na hukauka polepole. Sufu ya kondoo ni bora zaidi. Nyuzi zake zimejipinda, hivyo hushika hewa hata zikiwa na unyevu; tena zaweza kufyonza mvuke wa jasho kiasi cha thuluthi ya uzito wake kabla ya mguu kuhisi maji. Sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo haina kasoro, kwa kuwa nailoni huizuia isichakae upesi.

Mnunuzi wa soksi za mtumba zisizo na maandishi aweza kuzijaribu hivi. Auchomoe uzi mmoja, aushike kwa koleo mbali na nguo, kisha auwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake huvunjika kwa vidole. Pamba huwaka upesi na kunuka kama karatasi. Nailoni huyeyuka ikawa tone gumu.

UNENE NA KIPIMO

Wengine huvaa soksi tatu nene katika kiatu kimoja, wakidhani wamejikinga. Kumbe wameubana mguu, damu haifiki vidoleni, na baridi huzidi. Yafaa kuvaa soksi moja nyembamba ndani na moja nene juu yake, na kiatu kijaribiwe dukani pamoja na soksi hizo. Ikiwa vidole haviwezi kuchezacheza, kiatu ni kidogo. Soksi nayo isiwe kubwa mno, kwani mikunjo yake huleta malengelenge.

JOZI YA AKIBA

Njia ya Naro Moru hupita katika kinamasi kilicho mteremkoni, juu ya kituo cha mita 3,050. Huko msafiri aweza kulowa miguu mchana, kisha akalala kwenye baridi kali katika kambi iliyo yapata mita 4,200. Asiyekuwa na soksi nyingine huianza safari ya alfajiri ya kwenda kileleni akiwa ameshindwa tayari. Kwa hiyo kila mtu achukue jozi tatu: moja ya kutembelea, moja ya kubadilisha, na moja ya kulalia, ambayo imefungwa katika mfuko usiopenya maji na haiguswi mpaka miguu imekaushwa.

DALILI ZA HATARI

Kidole kikifa ganzi na ngozi ikageuka rangi kama nta, baridi imeanza kukila. Kisisuguliwe wala kisiwekwe karibu na moto, maana mtu asiyehisi huungua bila kujua. Mgonjwa ateremshwe, avuliwe soksi zenye maji, na mahali ambapo mguu hautapatwa na baridi tena, uwekwe katika maji ya vuguvugu. Kisha apelekwe kwa daktari.

Baada ya safari, sufu ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, isisokotwe, ianikwe kivulini. Maji ya moto huifanya inywee na kuwa ngumu, nayo hewa haina mahali pa kukaa tena. Soksi ikitunzwa hivyo itamfaa mwenyewe safari nyingi. Kinga ni bora kuliko tiba, na kidole kilichokatwa hakina tiba.