Guta la umeme likizima mlimani, usiruke bodi: somo la swichi za usalama kwenye betri

Mmezoea nikiwaletea habari za mnyauko wa migomba, kupogoa mibuni na bei ya maharage. Leo nahama kidogo. Vijana kadhaa wanaokusanya ndizi wameanza kuniulizia pikipiki na maguta ya umeme, na kuna ushauri mbovu niliwahi kuutoa mimi mwenyewe juu ya hivi vyombo. Sitaki mwingine aufuate.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja alinunua guta la umeme la mtumba la kusombea mikungu. Tambarare linaenda vizuri. Likianza kupandisha na mzigo, linazima ghafla. Akipumzika kidogo linawaka, akikanyaga tena linazima. Akanipigia simu: "Afisa, betri ina chaji, dashibodi inasoma volti 61. Fundi anasema kuna kibodi ndani ndicho kinasumbua, anataka akiruke, aunge waya moja kwa moja." Nikamjibu, "Kama fundi anaijua kazi yake, aendelee."

Siku tatu guta lilipanda mlima bila shida, kijana akanishukuru. Usiku wa nne akalichaji ndani ya stoo ya buni. Betri ikavimba, ikatoa moshi, kisha ikawaka. Mama yake ndiye aliyesikia harufu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini magunia sita ya buni yaliharibika kwa moshi na maji. Ile ilikuwa ada ya shule ya wadogo zake. Tangu hapo nikakaa chini nikajifunza kile kibodi kina kazi gani.

Ndani ya betri kuna nini

Betri ya chombo cha umeme ni seli nyingi zilizounganishwa. Seli chache zikifungwa pamoja tunaita moduli, moduli zikiungana ndiyo betri nzima. Gari la Nissan Leaf lililotoka 2010, kwa mfano, lilikuwa na moduli 48, kila moja ina seli 4, jumla seli 192.

Baadhi ya maguta hutumia seli za lithiamu za aina ya LFP. Seli moja ina volti 3.2 za kawaida. Ukichaji isizidi 3.65, ukitumia isishuke chini ya 2.5. Ukipanga seli 20 kwa mstari unapata volti 64, na ikijaa kabisa inafika 73.

Sasa sikia vizuri hapa. Dashibodi inasoma jumla tu. Ile bodi, ambayo mafundi wanaiita BMS, inasoma seli moja moja, pamoja na joto na mkondo wa umeme. Kwenye betri ya yule kijana, piga hesabu hivi: seli 19 zina volti 3.1 kila moja, jumla 58.9. Seli moja imechoka, mzigo ukizidi mlimani inaanguka mpaka 2.4. Jumla ni 61.3. Dashibodi inakuambia mambo safi, kumbe seli moja inakufa. Bodi imeiona, ikakata umeme. Haikuwa inasumbua, ilikuwa inafanya kazi yake.

Ukishairuka, hatari kubwa inakuja wakati wa kuchaji. Chaja inasubiri kuona 73. Seli iliyochoka ina uwezo mdogo, kwa hiyo inajaa kabla ya wenzake. Zile 19 zikiwa kwenye 3.60, jumla yake ni 68.4. Kilichobaki mpaka 73 ni volti 4.6, na zote zinaangukia ile seli moja ambayo mwisho wake ni 3.65. Hapo ndipo inapovimba.

Swichi zenyewe

Kwenye pikipiki na maguta, kazi ya kukata na kuunga hufanywa na vifaa vidogo vinavyoitwa mosfeti, vimebandikwa kwenye bodi. Kwenye magari na mabasi kuna kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme. Kawaida ziko mbili, moja upande wa chanya na nyingine upande wa hasi. Sumaku yake mara nyingi hupata umeme wa volti 12. Umeme huo ukikatika, kwa ajali au kwa plagi kuchomoka, springi inairudisha swichi na betri inajitenga yenyewe. Ndiyo maana ya usalama: kitu kikiharibika, umeme ukatike wenyewe.

Kuna swichi ya tatu ndogo, yenye rezista. Wewe mkulima wa mpunga utaielewa haraka. Mfereji ukiwa mkavu hufungui banio lote kwa mara moja, maji yatabomoa kingo. Unafungua kidogo, mfereji ujae, ndipo unaachia. Kifaa kinachoendesha mota kina kapasita, nayo ikiwa tupu inavuta umeme kwa pupa. Volti 64 zikipita kwenye waya zenye ukinzani wa omu 0.05 tu, mkondo unaweza kuruka kuelekea ampea 1,280 kwa kufumba na kufumbua. Ukizipitisha kwanza kwenye rezista ya omu 100, hauvuki ampea 0.64, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 inajaa ndani ya nusu sekunde hivi. Baada ya hapo ndipo swichi kubwa inaunga.

Ukiruka hatua hiyo, cheche zinaweza kuyaunganisha meno ya kontakta kama yamechomelewa. Mosfeti nayo ikiungua, mara nyingi inabaki imeunga. Swichi ya namna hiyo haikati tena hata ikiamriwa. Kwa hiyo lazima kuwe na fyuzi pia. Fyuzi ikiungua weka ya ampea zilezile, usiweke waya wala msumari.

Ukitaka kuunga betri mbili

Najua mnapenda kuongeza betri ya pili ili chombo kifike mbali. Betri moja ikiwa na volti 66 na nyingine 60, tofauti ni 6. Ukinzani wa njia nzima ukiwa omu 0.06, ampea 100 zitamwagika kutoka iliyojaa kwenda iliyopungua, hata kabla hujawasha chombo. Usiunge betri mbili sambamba mpaka mtengenezaji awe ameruhusu na volti zake ziwe sawa.

Fanya haya

1. Kabla ya kununua mtumba, fundi akupimie volti ya kila seli chombo kikiwa na mzigo. Jumla peke yake haitoshi.
2. Chombo kikizima mlimani, punguza mzigo na uache betri ipoe. Kikirudia, peleka kwa fundi wa betri atafute seli mbovu.
3. Usikubali bodi irukwe, hata kwa siku moja ya gulio.
4. Chajia mahali penye hewa, mbali na buni, majani makavu, petroli na chumba cha kulala. Tumia chaja ya betri hiyohiyo.
5. Usifungue betri mwenyewe. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya umeme inahesabu umeme wa betri unaozidi volti 60 kuwa ni hatari, na hilo guta lako likijaa lina 73.
6. Ikivimba au kutoa moshi, toa watu kwanza. Moshi wake ni sumu. Piga 114, zimamoto. Ikibidi kupoza, ni maji mengi, ukiwa mbali.

Siwakatazi umeme. Majirani zetu wako mbele: Makerere walionyesha gari la Kiira EV mwaka 2011, na Kigali kampuni ya Ampersand inabadilishia bodaboda betri tangu 2019. Kwenye mtindo huo dereva hafungui betri kabisa. Anarudisha iliyoisha, anachukua iliyojaa, na ukaguzi unabaki kwa wenye betri.

Yule kijana sasa amerudi kwenye pikipiki ya mafuta, anakusanya mtaji upya. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi, yeye na mama yake. Kwa hiyo ukinipigia ukaniuliza jambo nisilolijua, safari hii nitakuambia, "Subiri kwanza, nikaulize."