Ukienda kujitolea Samuye, omba madaftari

Walimu wa vijijini Shinyanga wamezoea wageni wa kujitolea. Wanakuja na mipira na fulana, wanashika chaki siku mbili tatu, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Mwalimu wa darasa anabaki na mada zilizorukwa na azimio la kazi lililovurugika. Kwa hiyo wewe unayetoka Dar es Salaam, Nairobi au London na unataka kusaidia shule ya msingi katika kata kama Samuye, usianze kwa kuuliza utafundisha nini. Uliza mwalimu aliyepo amelemewa na nini.

Mara nyingi amelemewa na madaftari. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa ya chini yamefurika, na si ajabu kukuta watoto zaidi ya mia mbele ya mwalimu mmoja. Tuseme wako 120. Akiwapa hesabu tano tu, ana majibu 600 ya kusahihisha, na bado ana vipindi vingine, tena pengine ndiye mwalimu wa zamu. Ndiyo maana anaishia kutoa hesabu mbili, au watoto wanabadilishana madaftari na kusahihishana wenyewe.

Hapo ndipo pa wewe kuingia kusaidia. Kaa na kalamu yako usahihishe, lakini usiishie kwenye vema na kosa. Chukua hesabu ya 42 kutoa 17. Utakuta mtoto kaandika 35, na mwenzake 35, na wengine wengi nyuma yao. Hawakubahatisha: wameona 2 haitoshi kutoa 7, wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7. Mwingine kaandika 15. Huyo ana tatizo jingine, pengine alihesabu vidole vibaya. Panga majina kwa aina ya kosa kwenye karatasi moja, umpe mwalimu kabla hajaingia darasani. Kesho yake hatarudia somo zima kwa watu 120. Atawaita wale wa 35 mbele, awape vijiti vilivyofungwa kumi kumi, wafungue fungu moja kwa mikono yao wapate 12. Wewe tengeneza hivyo vijiti mapema, vya kutosha. Chati nazo chora kwenye salfeti kwa kalamu nene, zinakunjwa na hazichaniki upesi kama manila.

Kuhusu vibali, usibabaishe. Shule haiwezi kukupokea kwa urafiki na mwalimu mkuu peke yake. Andika barua kwa mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, ipitie kwa afisa elimu wa wilaya, kisha ujitambulishe kwa afisa elimu kata na kwa serikali ya kijiji. Ofisi za halmashauri hiyo ziko Iselamagazi. Ukienda kuulizia Shinyanga mjini unaweza kuangukia kwenye halmashauri ya manispaa, ambayo ni nyingine kabisa. Kama si raia wa Tanzania, viza ya utalii haikuruhusu kujitolea. Kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni cha daraja C, na kinaombwa Uhamiaji mapema.

Kalenda nayo ina akili yake. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, na wiki za kuelekea hapo hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kukuelekeza. Mvua zikianza Novemba, mahudhurio yanayumba kwa sababu ya mashamba, na udongo mweusi wa mbuga unakwamisha hata bodaboda. Julai, muhula wa pili unapofunguliwa, ni wakati mzuri.

Utawakuta watoto wa awali na darasa la kwanza ambao nyumbani wanazungumza Kisukuma tu. Jifunze “mwangaluka” ya asubuhi, “mwadila” ya jioni na “wabeja” ya kushukuru, lakini usidhani salamu inatosha kufundishia. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufika Shinyanga, uliliona hilo: katika programu yake ya utayari wa kuanza shule, waliowafundisha watoto walikuwa watu waliochaguliwa na jamii yenyewe.

Utaona pia fimbo. Kwa kanuni za nchi, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viboko havizidi vinne. Wewe humo usiingie. Ukipewa, kataa kwa adabu, na jambo likikutia wasiwasi kalizungumze na mwalimu mkuu faragha, si mstarini mbele ya watoto.

Fedha ndiyo mtego. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na 4,000 kati yake zilibaki serikalini kununulia vitabu. Kwa hiyo ukitoa chochote kitaonekana kikubwa, na minong’ono itakuwa mikubwa zaidi. Usimpe mtu fedha mkononi. Weka kwenye akaunti ya shule, kamati ya shule ikijua, na udai stakabadhi. Vitabu vya kiada usivisombe kutoka nje. Vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yake ya mtandao, na shule ikiwa na simu janja moja unaweza kuvisoma humo.

Kabla hujakata tiketi, muulize mwalimu mkuu kama shule ina mwalimu wa kujitolea. Wapo vijana wengi wenye vyeti vya ualimu wanaosubiri ajira, wanafundisha kwa posho ndogo inayotokana na wazazi, na mavuno yakiwa mabaya hata hiyo haipatikani. Kijana huyo anajua muhtasari, na akiwa mwenyeji anajua na Kisukuma. Piga hesabu: nauli ya ndege kutoka Ulaya ingemlipa posho miezi mingapi? Kama jibu linakushtua, baki ulipo, mkubaliane kwa maandishi na kamati kiasi na muda, utume kwa muhula. Na kama bado unataka kwenda, nenda ukae chini yake, yeye akiwa mbele ya ubao.