Waajemi: Walisilimu Bila Kuacha Lugha Yao



Baada ya darsa moja ndugu wa mwaka wa kwanza aliuliza: "Ninapozidi kushika dini, je, nipunguze kuzungumza lugha ya nyumbani?" Swali hili si geni. Waajemi, watu wa nchi tunayoiita leo Iran, walikutana nalo tangu karne ya kwanza ya Hijra. Tutazame walivyolijibu.

1. Salman (r.a.)

Salman al-Farisi alizaliwa katika nyumba ya Majusi, waliotunza moto wa ibada. Aliiacha dini ya baba yake, akahama mji hadi mji akiitafuta haki, akauzwa utumwani, hatimaye akafika Madina. Mwaka wa 5 Hijria, maadui walipokuja kuuzingira mji, yeye ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki, mbinu iliyojulikana kwao Uajemi lakini ngeni kwa Waarabu. Mtume (s.a.w.) akaikubali. Zingatia: alichokiacha Salman ni shirki. Ujuzi wa kwao alikuja nao, ukawafaa Waislamu. Na mpaka leo tunamwita al-Farisi, yaani Muajemi.

2. Dola ilianguka, lugha ikabaki

Dola ya Wasasani ilivunjwa nguvu katika vita vya Qadisiyya na Nahawand, na mfalme wake wa mwisho, Yazdgerd III, akauawa mwaka 651. Watu wa Misri na Sham baada ya muda walihamia Kiarabu. Waajemi walichukua herufi za Kiarabu, wakaongeza nne kwa sauti zao, kama vile p na g, wakaendelea kusema Kiajemi. Hadi leo swala wanaiita namaz, na Mtume payghambar. Yote ni maneno ya kwao. Karibu mwaka 1010 Firdausi, Muislamu, alikamilisha Shahnama, utenzi mrefu wa wafalme wao wa kale.

3. Walikitumikia Kiarabu

Mtu asidhani kwamba waliidharau lugha ya Qur'ani. Sibawayhi, aliyeandika al-Kitab, msingi wa nahau ya Kiarabu, alikuwa Muajemi. Tazama pia wakusanyaji wa vile vitabu sita vya hadithi: Bukhari wa Bukhara, Muslim wa Nishapur, Tirmidhi wa Tirmidh, Abu Dawud wa Sijistan, Nasai wa Nasa, Ibn Majah wa Qazwin. Hakuna hata mmoja aliyetoka Bara Arabu. Wala tusichanganye Uajemi na madhehebu: Ushia ulifanywa madhehebu rasmi ya dola mwaka 1501, chini ya Shah Ismail. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa Sunni.

4. Kovu la pande mbili

Zama za Bani Umayya, wasio Waarabu waliosilimu waliitwa mawali, na baadhi yao waliendelea kutozwa jizya hata baada ya kusilimu, mpaka Khalifa Umar bin Abdulaziz alipokataza. Baadaye wakazuka Waajemi waliojibu kiburi kwa kiburi, wakiwabeza Waarabu. Harakati hiyo ikaitwa Shu'ubiyya. Ugonjwa ni uleule, umebadilisha nyumba tu. Ndiyo maana fundisho la Mtume (s.a.w.) lina pande mbili: Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu, wala asiye Mwarabu hamzidi Mwarabu, ila kwa uchamungu.

Mafunzo

Basi jibu letu kwa ndugu yule ni hili: jifunze Kiarabu kwa bidii, uielewe Qur'ani unayoisoma, na lugha ya mama yako uendelee kuzungumza naye. Kinachopimwa ni tauhidi na amali.

Maswali ya halaqa

1. Salman aliacha nini, na alibaki na nini?
2. Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi, ilikuwepo kabla ya Uislamu na ingali inasherehekewa. Desturi za kwetu za namna hiyo tuzipime kwa kipimo gani?
3. Je, katika jumuiya yetu yupo anayejiona mgeni kwa sababu ya kabila au lugha yake?

Wallaahu a'lam.