Zakaria Alimaliza Zamu Akaenda Nyumbani

Kusoma: Luka 1:5–23; 1 Mambo ya Nyakati 9:22–27

Shule zikifungwa tu, makanisa ya mjini huanza kupwaya. Familia zinawahi matatu za mashambani kabla nauli haijapanda, na ikifika katikati ya Desemba unakuta darasa la watoto lina mwalimu mmoja, mlangoni hakuna wa kupokea wageni, na yule kijana wa mitambo ya sauti yuko peke yake tangu asubuhi mpaka ibada ya mwisho. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huyaona haya Julai na Agosti, wakati wao wa joto. Sisi ni Desemba, na Agosti kidogo.

Hapo ndipo makaripio huanza: eti watu wamemwacha Bwana wakaenda kula kuku! Lakini kwenda nyumbani si kuasi. Tusome Biblia pole pole.

Zakaria alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya. Zamu zilikuwa 24, zilizopangwa siku za Daudi, na ya Abiya ilikuwa ya nane (1 Mambo ya Nyakati 24). Siku ya Sabato hawa waliingia, wale wakatoka. Sasa angalia jambo hili. Zakaria ameona malaika, amekuwa bubu, na bado hakuondoka hekaluni kabla siku zake za huduma kutimia. Zilipotimia, hakung'ang'ania madhabahu. Alirudi kwake, kule kwenye milima ya Yuda. Na ile ahadi ya mtoto ilitimia huko nyumbani!

Huduma yake ilikuwa na mwanzo na mwisho. Yetu je? Dada aliombwa afundishe watoto "kwa muda tu", na huu ni mwaka wa sita. Hajawahi kuambiwa asante, pumzika. Huyo akipata nafasi ya kusafiri, atanyamaza, atazima simu, na pengine Januari asirudi kwenye idara. Si kwamba amepoa kiroho. Anajua akisema ndiyo tena, hiyo ndiyo haina mwisho. Kwa hivyo viongozi wa idara, mwezi wa Novemba muulizeni kila mtu: unaondoka lini, unarudi lini? Kisha mwombeni Jumapili mbili, zenye tarehe. Mtu akiona tarehe ya mwisho, ni rahisi kukubali, na akikubali atafika.

Sasa wale wanaobaki. Katika 1 Mambo ya Nyakati 9, mabawabu wakuu wanne walikaa pale pale nyumbani mwa Mungu, na ndugu zao wa vijijini walikuja kwa zamu za siku saba kuwasaidia. Kwetu wanaobaki ni wale wale kila mwaka: mama asiye na nauli, askari wa usiku, mtu ambaye hana tena mzazi wa kumtembelea. Tunafikiri kwa sababu wapo, wana nafasi. Hapana. Kama watu wamepungua, unganisheni ibada na madarasa ya watoto, na kwaya iimbe na watu wanane, Mungu atasikia. Tena wako vijana waliomaliza mtihani wa KCSE mwezi huo huo wa Novemba na wanakaa nyumbani tu. Waketi kando ya fundi wa sauti wiki mbili kabla hajasafiri. Usimpe kijana nyaya asubuhi ya Krismasi halafu umlaumu spika zikilia.

Na aliyesafiri asiitwe majina kwenye kundi la WhatsApp. Mpigie umuulize mama yake anaendeleaje, muombe pamoja, ukate simu bila kutaja ratiba.

Januari nayo ina mambo yake. Wengi hurudi mfuko mtupu na karo inangoja. Mkutano wa idara usiwekwe Jumapili ya kwanza. Mwache ndugu aketi kama mshirika, aimbe, alishwe Neno. Zamu yake ianze Jumapili ya pili, jina lake likiwa limeshabandikwa ukutani pamoja na tarehe ya kumaliza.