Mofini Inapoleta Muwasho

Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini ya maji akianza kujikuna, hasa puani na usoni, usikimbilie kusema dawa imemkataa. Muwasho ni athari inayojulikana ya dawa za jamii hii, kodeini ikiwemo, na mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Mama aliyechomwa mofini mgongoni wakati wa upasuaji wa kujifungua huupata zaidi. Amwambie muuguzi, asivumilie kimya. Zipo dawa za kuutuliza.

Tafadhali usikatishe dozi ghafla, maumivu yatarudi kwa nguvu na mgonjwa atateseka bure. Wasiliana na daktari, anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Piriton, dawa ya mzio, usimpe bila kuuliza: huongeza usingizi juu ya ule wa mofini, na huenda isifue dafu, kwani muwasho huu hutokana pia na mishipa ya fahamu. Kitambaa chenye maji baridi, mafuta yasiyo na manukato na kucha fupi humpa nafuu.

Macho yakiwa ya njano, ini lichunguzwe, kwani nalo huweza kuleta muwasho. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.